Mkebe wa Udongo, Kutoka Marani Hadi Nyansiongo

Wenzangu wa Nyamache, mmenipigia simu mmoja mmoja mkiniuliza kama ni kweli nilimzika mtu nisiyemjua kwa udongo wenye oili. Ni kweli. Lakini jambo hilo likisimuliwa peke yake linanifanya nionekane nimerukwa na akili, kwa hiyo nimeamua kuwaandikia safari nzima, tangu nilipotoka nyumbani hadi niliporudi. Mkishasoma mtaamua wenyewe ni nani aliyerukwa na akili.

Kutoka mtoni hadi Marani

Mnalikumbuka shamba la kikundi chetu, lile la bondeni kando ya mto, ambalo mkija kunitembelea hamrudi kwenu bila kifurushi cha sukuma wiki. Tuko wanawake kumi na wawili, na mboga zetu zilikuwa zikiliwa na shule ya wasichana iliyo juu ya kilima. Juu kidogo ya shamba, penye daraja, shemeji yangu Zakayo, ndugu mdogo wa mume wangu, alifungua mahali pa kuoshea magari na kubadilisha oili. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani, kwa hiyo bango lake limeandikwa "Usafi ni Ibada". Magari yanafika pale yakiwa na matope na kuondoka yaking'aa. Kinachotoka kwenye magari hakiondoki. Kinateremka ukingoni, kinazama ardhini, na kikishatosheka kule kwake kinakuja kwetu.

Mwanzoni tuliona weusi tu kwenye mitaro. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano pembeni. Halafu siku moja mpishi wa shule akaturudishia magunia yote mawili.

"Mama Nyaboke," akaniambia, "wasichana wanasema hii mboga inanuka mafuta taa. Mmoja ameniuliza kama naipika ama naiwasha."

Nilienda moja kwa moja kwa Zakayo.

"Shemeji, oili yako imeingia shambani kwetu."

"Iko wapi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akachota udongo, akauangalia kama mtu anayechagua maharagwe sokoni.

"Hii ni udongo mweusi," akasema. "Watu wanalilia udongo mweusi. Wewe umebarikiwa na bado unalalamika."

"Hebu unuse."

"Mama Nyaboke, hii ni wivu ya biashara. Uko na karatasi? Leta karatasi inasema udongo ni mbaya na mimi nafunga leo. Bila karatasi, hiyo ni wivu."

Aliyasema hayo mbele ya naibu wa chifu, ambaye alikuwa amekuja kuoshewa pikipiki yake. Naibu akatikisa kichwa polepole. "Karatasi ni muhimu," akasema, kisha akamwambia kijana wa pale asisahau tairi la nyuma.

Basi nikachimba udongo, nikaujaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaufunga kwa kitambaa cheupe nilichokata kwenye kitambaa cha meza. Mume wangu, mtu wa amani ambaye akikanyagwa na ng'ombe humwomba ng'ombe radhi, aliniambia nisivunje undugu kwa sababu ya sukuma wiki. Nikamwambia nitarudi. Asubuhi ya Jumanne nikapanda mlima hadi Marani na mkebe wangu kichwani.

Mnajua jinsi watu wetu walivyo. Kila niliyekutana naye alitaka kujua nimebeba nini.

"Udongo."

"Unapeleka wapi?"

"Mjini."

"Kwani mjini wameishiwa?"

Nilipofika Marani, nusu ya soko ilikuwa tayari na habari kwamba mke wa ndugu yake Zakayo anahamisha shamba kwa mikebe.

Mjini Kisii, siku mbili za viti

Sitazitaja ofisi nilizoingia. Nitasema tu kwamba ya kwanza ilihusika na mambo ya mashamba, na afisa wake alikuwa kijana mpole mwenye tai aliyeniita mum. Alinisikiliza vizuri sana. Akaandika jina langu, la mume wangu na la mto.

"Ulichimba wapi, mum?"

"Shambani, kando ya mto."

"Hatua ngapi kutoka kwa maji?"

"Labda kumi."

Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeona mlango.

"Hapo si shamba, mum. Hapo ni ukingo. Ukingo haulimwi. Sasa sisi hatuwezi kupima shamba ambalo haliko."

"Lakini mboga ziko."

"Kisheria haziko," akasema kwa huruma, akanisindikiza hadi mlangoni.

Ofisi ya pili ilihusika na maji. Mwanamume wa pale alifungua mkebe, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Huu ni udongo."

"Ndiyo. Umetoka mtoni."

"Mimi napima maji."

"Una maji ndani yake, ni mbichi."

"Basi ukamue, uniletee maji."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinionyesha hata chupa ya ukubwa unaotakiwa.

Ofisi ya tatu ilihusika na mazingira, na nilipoingia nilipata matumaini, kwa sababu ukutani palikuwa na picha ya samaki anayetabasamu na maneno "Tunza Mto Nao Utakutunza". Mama wa pale alikuwa akimaliza chai. Akamwaga masalio na majani yake dirishani, kwenye mtaro unaoelekea kule chini kulikojaa chupa na nepi, kisha akanipa fomu. Nikaijaza vizuri. Palipoandikwa jina la aliyechafua nikaandika Zakayo. Palipoandikwa uhusiano wako naye nikaandika shemeji.

Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Hii ni mambo ya familia, mama. Rudi nyumbani uwaite wazee mkae chini."

Mchana niliingia kibanda kimoja kula. Nikaletewa ugali, nyama na mboga ya managu ya kijani kibichi, inayong'aa kwa krimu. Nikamuuliza mhudumu managu imetoka wapi. "Hapo tu chini mtoni," akasema kwa fahari, "imechumwa asubuhi." Nikala nyama, nikala ugali, managu nikaisukuma pembeni. Yule msichana akanihurumia akidhani naumwa na tumbo, akaniletea maji ya moto. Nilimshukuru, nikanywa, na hapo ndipo nilipojiuliza ni nani anayekula mboga za kwetu akiambiwa vivyo hivyo.

Siku ya pili nikiwa kwenye benchi la ofisi ya kwanza, ambako nilikuwa nimerudi kuomba angalau barua ya kusema hawawezi kunisaidia, mwanamume mwenye suti na miwani myeusi alikaa karibu nami kuliko ilivyohitajika.

"Dhahabu?" akanong'ona.

"Udongo."

"Wote wanasema hivyo. Nionyeshe kidogo."

Kwa kuchoka nikamfungulia. Akasugua udongo kati ya vidole, akaunusa, akavua miwani.

"Mama, hii si dhahabu. Hii ni mafuta. Chini ya shamba lako kuna petroli. Usiambie mtu."

Akachukua nambari yangu ya simu. Mpaka leo ananipigia kila wiki kuniuliza kama nimeambia mtu. Nataka mjue kwamba katika siku mbili mjini, huyo tapeli ndiye mtu pekee aliyeunusa udongo wangu na kusema ukweli kuhusu kilichomo.

Aliyenisaidia alikuwa karani wa mapokezi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiniona nikitoka na kuingia. Jioni akanifuata nje.

"Dada, utazeeka hapa. Nenda Nyansiongo, uliza Mzee Nyakundi. Alifanya kazi ya kupima udongo miaka mingi, sasa amestaafu, ana maabara yake ndogo kwa boma. Wakulima wa viazi wote wanampelekea."

"Ana ofisi?"

"Hana. Ndiyo maana anafanya kazi."

Kisii hadi Nyamira, pamoja na marehemu

Alhamisi asubuhi nilitoka kwa binamu yangu nikatafuta usafiri wa kwenda upande wa Nyamira. Basi moja lilikuwa limesimama kando ya barabara, injini ikinguruma, na mama mmoja akaniita kutoka dirishani: "Panda, mama, bado kuna nafasi, tunaenda Nyamira!" Nikapanda. Nikapewa kiti kizuri sana, cha mbele. Nilishangaa kwamba hakuna aliyeniomba nauli, nikadhani wataniomba njiani.

Tulipotoka mjini ndipo nilipoona kwamba gari tulilolifuata lilikuwa na msalaba na utepe mwekundu, na kila mtu ndani ya basi akaanza kuimba.

Ningesema wakati huo. Nilifungua mdomo kusema. Lakini mama aliyeniita aliniwekea mkono begani, akautazama mkebe wangu uliofungwa kitambaa cheupe, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ni udongo?"

"Ndiyo, ni udongo."

"Kutoka Kitutu?"

"Ndiyo. Kitutu, huko Marani."

Machozi yakamjaa. Akageuka nyuma akawaambia wengine, "Wa Kitutu wamekumbuka! Wametuma mtu na udongo!" Basi zima likasema asante Yesu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba marehemu, mwalimu mstaafu, alizaliwa pande za kwetu, akahamia Nyamira akiwa mtoto, na kwamba watu wa kwao wa zamani walikuwa wamealikwa na hakuna aliyetokea. Walikuwa wameumia sana. Sasa nimetokea mimi. Niambieni, ningewaambiaje?

Bomani kwa marehemu nilikalishwa safu ya mbele pamoja na familia. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba mjumbe wa Kitutu atasema maneno machache. Nilisimama. Nikasema kwamba sikubahatika kumjua mwalimu kwa karibu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikasema kwamba huko kwetu tunapenda udongo wetu na tunausumbukia, na hilo pia lilikuwa kweli. Nikasema mtu hawezi kutenganishwa na ardhi iliyomlisha. Watu wakalia. Hata mimi nikalia, kwa sababu nilikuwa nikifikiria wasichana wa shule.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kaburini, katekista aliyeongoza ibada akanyoosha mkono kwangu. Kabla sijapata neno la kusema alikuwa ameshafungua kitambaa, akachota konzi nzima ya ushahidi wangu na kuirusha juu ya jeneza.

"Udongo ulikotoka, udongo unakorudi," akasema.

Kisha akasita. Akaleta vidole puani. Akaniangalia.

"Mama," akanong'ona, "hii udongo yenu iko na mafuta."

"Ndivyo ilivyo siku hizi," nikanong'ona.

Akafikiri kidogo. "Basi imepakwa mafuta," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, na watu wakaitikia amina. Akachota konzi ya pili. Nikaukumbatia mkebe kwa nguvu na kupiga ukunga wa kilio, ikawa ndiyo njia pekee ya kumzuia bila kumwaibisha.

Tulikula vizuri, sitadanganya. Ndizi za kupika na nyama, na ugali wa wimbi uliosongwa na mtu anayejua kazi. Mjane akanishika mikono yote miwili, akaniambia amefarijika kuliko alivyotarajia. Nimejaribu kumwandikia barua tangu niliporudi. Nimeanza mara tatu, na sijui niimalizeje.

Nyamira hadi Nyansiongo, na jua la Ijumaa

Familia hiyo ilinilaza, na asubuhi wakanitafutia nafasi kwenye lori la maziwa linaloelekea Borabu, iliko Nyansiongo. Lori la maziwa halina haraka. Husimama kila penye mikebe, na dereva wangu alikuwa na habari za kubadilishana kila kituo. Pahali pamoja mtu alikaribia kuupakia mkebe wangu na mingine na kuumimina kwenye tangi. Nilipiga kelele hadi ng'ombe wa jirani wakaacha kula.

Nilifika kwa Mzee Nyakundi jua likiwa limebakiza upana wa mkono kabla ya kuzama. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu. Alikuwa amesimama langoni, na hakunitazama mimi bali jua.

"Hiyo ni kazi?" akauliza akiuonyesha mkebe.

"Ni mkebe tu, mzee."

"Ndani ya mkebe kuna kazi. Sabato inaingia. Weka hapo barazani, usiifungue, karibu ndani."

Basi ushahidi ukalala barazani siku nzima ya Jumamosi, nami nikapelekwa kanisani kwao, kwa Wasabato. Mimi Mkatoliki nilikaa kwa adabu nikasikiliza mahubiri marefu kuhusu usafi wa moyo. Mchana mke wa mzee akatupakulia chinsaga, yaani mgagani, zilizopikwa Ijumaa, zenye uchungu na krimu kama alivyokuwa akizipika mama yangu. Nikauliza zimetoka wapi.

"Hapa nyuma ya jikoni," akasema. "Kwa nini?"

"Napenda kujua tu."

"Huyu anaogopa mboga," mzee akasema. "Kesho tutajua kwa nini."

Jumapili alinipeleka kwenye maabara, yaani chumba kimoja cha zizi la zamani la mzungu, kimepakwa chokaa na kujaa chupa. Alifanya mambo mengi: akaukausha udongo, akauchekecha, akatikisa sehemu yake ndani ya chupa yenye dawa na maji, akanionyesha utando wa rangi za upinde wa mvua ulioelea juu. Mengine, akasema, yanataka mashine ambazo hana, kwa mfano madini ya risasi yanayotoka kwenye betri kuukuu. "Hayo nikikuandikia nitakuwa nakudanganya. Nitaandika ninachokiona." Kisha akapanda mbegu za sukuma wiki kwenye vikombe vitatu: kimoja cha udongo wangu, kimoja cha udongo wa nyuma ya jikoni, kimoja cha mchanga.

"Sasa tunangoja," akasema. "Mbegu haisemi uongo na haina shemeji."

Tulingoja mpaka Alhamisi. Nilikamua ng'ombe, nilimenya viazi, nilizunguka boma. Katika kuzunguka huko niliona kitu. Chini ya zizi la ng'ombe wake palikuwa na mtaro, na mtaro huo ulibeba samadi na mkojo na maji yenye dawa ya kupe moja kwa moja hadi bwawa dogo walilochimba wazungu, ambalo majirani huteka maji. Ukingo wa bwawa ulikuwa umegeuka ujiuji wa kijani, na hakuna kilichoota pale isipokuwa magugu ya aina moja.

Nilinyamaza siku nzima. Jioni nikashindwa.

"Mzee, na ule mtaro wako?"

"Upi? Ile ni mbolea."

"Shemeji yangu anasema oili ni udongo mweusi."

Mke wake akaacha kukoroga chai. Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Kisha, badala ya kunijibu, akaniuliza swali ambalo tangu siku ile limekaa nami.

"Wewe ulianza kunusa ile harufu lini?"

"Wakati wa kupalilia."

"Na mliacha kuuza shuleni lini?"

"Waliporudisha magunia."

"Hapo katikati ni muda gani?"

Ilikuwa muhula mzima. Nilikuwa nimeinusa, nikaosha mboga mara mbili, nikajiambia ni harufu ya mikono yangu. Tulikuwa tukiwachumia wasichana na kuwapelekea. Nilimwambia hivyo. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta vikombe dirishani ni vinne. Cha nne kilikuwa na udongo wa ukingo wa bwawa lake.

Siku ya Alhamisi, kikombe cha nyuma ya jikoni kilikuwa kimejaa vichwa vya kijani. Cha mchanga kilikuwa na vingi. Changu kilikuwa na viwili, vimepinda na kulala. Kile cha bwawa, kwa kuwa kilipandwa kwa kuchelewa, kilikuwa bado kitupu, na mzee alikuwa akikichungulia mara kwa mara kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme. Aliniandikia karatasi yangu kwa mkono, mistari iliyonyooka, akatia sahihi. Nilipokuwa nikifunga mzigo nilimwona kule chini ya zizi na jembe, akichimba shimo la kukinga ule mtaro, mke wake amesimama juu yake akimwambia achimbe kwa upana zaidi.

Kurudi: Nyansiongo hadi mtoni

Kurudi kulikuwa kwepesi. Lori la maziwa, kisha gari la mtu aliyekuwa akienda Kisii kununua mabati, kisha miguu yangu kutoka Marani. Kwenye mteremko watu waliniuliza kama nimeuza udongo. Nikasema nimeubadilisha na karatasi. Wakasema hasara.

Mume wangu alikuwa ameshaandaa kikao bila kunijulisha, Jumapili hiyo baada ya misa, kwa Zakayo kwenyewe, kwa sababu kwake kuna viti vingi. Alikuwapo naibu wa chifu, wazee wawili wa ukoo, na wanawake wa kikundi wamekaa kwenye nyasi. Kerubo, mke wa Zakayo, alikuwa jikoni akipika. Ni mwanamke mchangamfu asiye na kona wala hila, na tunapendana.

Nikatoa karatasi. Naibu akaisoma kwa sauti, akakwama kwenye maneno mawili, akaimaliza. Ilisema kwa ufupi kwamba udongo una oili, kwamba mbegu hazioti humo vizuri, na kwamba chakula kisilimwe pale.

Zakayo akaomba aione. Akaigeuza upande wa nyuma.

"Muhuri uko wapi?"

"Amestaafu. Hana muhuri."

"Naibu," Zakayo akasema kwa upole wa kanisani, "karatasi bila muhuri, si ni kama mimi nimeandika?"

Naibu akakuna kidevu. "Kwa kweli muhuri ni muhimu."

Mnaweza kufikiria moyo wangu. Siku kumi na mbili, ofisi tatu, mazishi mamoja na Sabato moja, halafu muhuri. Wanawake wa kikundi wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja akasema jambo hili liahirishwe tule kwanza, na wote wakakubali mara moja, kwani harufu ya kuku ilikuwa imetufikia.

Kerubo akaleta chakula. Ugali, kuku, na sinia kubwa la sukuma wiki, laini, ya kijani safi. Naibu akachota, akatafuna, akafumba macho.

"Mama Moraa," akamwambia Kerubo, "hii mboga ni tamu. Unaona, na mnasema udongo ni mbaya! Si hii ni ya hapa mtoni?"

Kerubo akashtuka kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

"Yaya!" akasema. Yaya ni "hapana" ya kwetu, na aliitoa kwa nguvu. "Naibu, mimi nawezaje kuwalisha wageni mboga ya mtoni? Hiyo sisi hatuli. Baba Moraa mwenyewe huyu hapa alinikataza kabisa, tangu mwaka jana wakati wa kuvuna mahindi. Hizi nimezitoa sokoni Marani."

Kerubo alitazama uso mmoja hadi mwingine, bakuli mkononi, bado hajajua amesema nini. Zakayo alikuwa na tonge la ugali lililofika nusu ya safari. Akalirudisha kwenye sahani.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa siku nyingi kusema maneno makali. Nilichosema ni hiki tu:

"Shemeji, tangu mwaka jana ulikuwa unatuona tukipita hapa na magunia ya kupeleka shuleni. Ukitusalimia."

Mmoja wa wanawake wa kikundi, ambaye binti yake yuko shule ile, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akilia. Nami nilikaa palepale, kwa sababu nilikumbuka swali la Mzee Nyakundi, na sikuweza kumnyooshea Zakayo kidole kwa muda mrefu bila mkono wangu kuchoka.

Naibu wa chifu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati lake. "Nadhani," akasema bila kumwangalia mtu, "hii itafaa hata bila muhuri."

Bango la "Usafi ni Ibada" liliteremshwa Jumatatu. Zakayo amehamia juu, kwenye barabara, ambako amejenga shimo la saruji la kukinga oili, na naibu hupita kuliangalia kila akienda kuoshewa pikipiki. Sisi tumehamishia mboga kwenye magunia ya udongo wa kilimani, nyuma ya nyumba ya mmoja wetu. Niliwaandikia wazazi wa shule kupitia kwa mwalimu mkuu, nikaeleza kila kitu, pamoja na ule muhula mzima. Wengine wamenijibu. Majibu hayo nitawaonyesha mkija.

Wiki iliyopita nilimkuta Zakayo peke yake kwenye shamba letu la zamani, akikwangua ule udongo mweusi kwa koleo na kuupakia kwenye toroli. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amelowa jasho, na toroli lilikuwa limejaa hadi juu. Nilipomkaribia akasimama, akaegemea koleo.

"Mama Nyaboke," akaniuliza, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote sauti yake haikuwa na ujanja, "sasa huu nipeleke wapi?"

Nikatazama kilimani, ambako watu wanalima. Nikatazama barabarani, ambako mvua ikinyesha kila kitu hurudi mtoni. Nikatazama chini ya mto, kwa majirani zetu.

"Sijui, shemeji," nikamwambia.

Tukabaki tumesimama hapo wawili, toroli likiwa kati yetu.